Ukoo wetu unaitwa "watu wa kuja". Tunaweza kupata hati ya pamoja kama wale wa Brazil?

BintiMwaloni

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo.

Mimi nachuuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ila kwetu ni ng'ambo, upande wa Sengerema, kijiji cha ziwani. Jina la kijiji nalibana kwa sababu ndugu zangu nao wana simu na bando.

Eneo letu halijawahi kupimwa. Ukianzia mkuyu wa ufukweni ukapanda mpaka mstari wa minyaa kule juu, ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja ukitafuna taratibu. Humo mna mihogo, viazi, majaruba matatu ya mpunga, makaburi yetu, na kipande cha mchanga ambapo mitumbwi inapakia. Kaya kumi na moja zinaishi humo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wenye magari wameanza kuliona hilo eneo kana kwamba ziwa limechimbwa juzi.

Sasa kijiji kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, tumeambiwa baada ya hapo zitakuja hati za kimila. Baba mdogo anataka hati iandikwe jina lake, "kwa niaba ya ukoo". Wakati huohuo kuna bwana anataka ufukwe aweke vizimba vya samaki. Ameshakuja mara mbili, safari ya pili akashusha kreti nne za soda kwa baba mdogo. Soda zilinyweka, mimi mwenyewe nilikunywa moja, sitadanganya.

Kilichonileta hapa ni mkutano wa kitongoji. Mzee mmoja, jirani yetu kabisa, alisimama akasema ukoo wetu usiwe na sauti kubwa kwenye mambo ya mipaka. "Hawa ni watu wa kuja. Bibi yao aliokotwa."

Wakuu, ni kweli. Bibi alinisimulia mwaka mmoja kabla hajafariki, tukiwa tunakatakata viazi vya michembe. Bibi yake yeye aliletwa na msafara akiwa mtoto, shingoni kamba. Alitoka upande wa machweo; siku nyingine bibi alitaja Manyema, siku nyingine Uha. Akaugua, wakamwacha njiani kama mzigo uliopasuka. Mvuvi akamchukua, akakua, akaolewa na mtoto wa huyo mvuvi. Minyaa ile aliipanda yeye. Na maisha yake yote hakuwahi kula akiwa ameipa njia mgongo. Bibi naye alikuwa hivyohivyo. Nami mezani kwangu hapa Mwaloni kiti kinaangalia geti, wenzangu wanadhani naogopa wezi.

Baba mdogo hataki hiyo habari isemwe. Anasema nawavua nguo.

Juzi nafunga magunia, kwenye simu kikapita kipindi cha watu wa Brazil wanaitwa quilombola. Ni wajukuu wa watumwa waliotoroka na walioachwa. Wanasimama mbele ya serikali wanasema sisi ni uzao wa watumwa, kwa hiyo ardhi hii ni yetu. Gunia niliacha wazi. Kule neno hilohilo linawapa ardhi, kwetu linatunyang'anya. Wao walifanyaje? Na je, sheria yetu inaruhusu hati ya ukoo mzima?

Mpima_Mstaafu

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla maji hayajazidi unga.

Hiyo "kuja" itoe kichwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, haiulizi bibi wa bibi yako alitokea wapi. Kwenye uhakiki wa mipaka kinachoangaliwa ni nani anaitumia ardhi, na kama ameitumia kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa, si chini ya miaka 12. Ninyi mmeshazidisha mara kumi.

Hati ya pamoja ipo. Kifungu cha 22 kinasema anayeweza kuomba hakimiliki ya kimila ni mtu mmoja, familia, au kikundi kinachotambulika kwa mila au kilichojiunga kama chama, mradi wawe wanakijiji. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, kule Mbulu, walipata hati ya kimila ya jamii mwaka 2011. Kwa hiyo mtendaji akikuambia fomu ina nafasi ya jina moja tu, mwombe kwa adabu afungue ukurasa wa pili.

"Kwa niaba ya ukoo" anayosema baba yako mdogo ni maneno ya mdomoni. Hati ikiwa na jina moja, mwenye ardhi ni huyo mmoja, na akifariki watakaogombea ni watoto wake, si ninyi. Na asikwambie mwanamke haandikwi. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi.

Kuhusu ufukwe: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Vizimba vinaelea majini na vibali vyake vina ofisi zake. Lakini mwenye vizimba lazima apate nchi kavu: stoo ya chakula cha samaki, mahali pa boti, pa mlinzi kulala. Hicho ndicho anachokifuata kwa soda.

Nina swali moja tu la kuniumiza kichwa. Wakati wa Operesheni Vijiji mlihamishwa? Kama eneo lenu alipewa mtu mwingine kati ya 1970 na 1977, sheria hii imeuthibitisha ugawaji huo. Hapo ndipo mnaweza kukwama, si kwa bibi.

Hiyo historia ya kamba shingoni iacheni nyumbani. Kamati ya uhakiki inataka alama za mipaka na majirani wa kuthibitisha, basi.

Chapchap_Buzuruga

Uzeni nyie, gawaneni, kila kaya bodaboda mbili. Ardhi ya makaburi mtalima nini.

BintiMwaloni

Chapchap, bodaboda ya mdogo wangu ya 2021 iko chini ya mwembe haina injini, kuku wanatagia kwenye siti. Asante.

Mpima, Mungu akubariki. Operesheni ilitupitia. Walihamishwa mpaka senta mwaka 1974, nyumba zikabomolewa, ila mashamba waliendelea kuyalima kwa kutembea asubuhi na kurudi jioni. Walirudi kuishi kidogokidogo. Kama kuna aliyepewa kipande, sijui, nitauliza.

Bruda_Kitambo

Nimekaa Maranhão, kaskazini-mashariki ya Brazil, miaka sita kwa kazi za kanisa, kwa hiyo hapa nina la kusema. Mpima kasema kweli yote isipokuwa sentensi yake ya mwisho.

Anza na jina. Quilombo ni neno la Kibantu kutoka Angola, kilombo, kambi ya vita. Maarufu kuliko yote ilikuwa Palmares, kule Alagoas. Kiongozi wake Zumbi aliuawa tarehe 20 Novemba 1695. Kuna kijiji kiitwacho Cafundó, jimbo la São Paulo, wazee wake wana lugha yao ya ndani, na "kwenda" wanasema cuendar. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Utumwa ulifutwa Brazil tarehe 13 Mei 1888. Walioachiwa hawakupewa hata jembe. Tangu 1850 kulikuwa na sheria kwamba ardhi ya serikali hupatikana kwa kununua tu, na aliyekuwa mtumwa jana anunue kwa fedha gani? Wakakaa walipokuwa, miaka mia, bila karatasi. Ndipo Katiba ya 1988 ikaweka kipengele cha 68 kwenye masharti ya mpito: jamii zilizobaki za quilombo zinazokalia ardhi zao, ardhi ni zao, na serikali iwape hati. Hati ya kwanza ilitoka 1995, Boa Vista, Oriximiná, ndani ya Amazon.

Dada, kinachokuhusu ni amri ya rais namba 4.887 ya mwaka 2003, iliyotolewa tarehe 20 Novemba, siku ya Zumbi. Amri hiyo inasema jamii yenyewe ndiyo inayojitambulisha. Haisubiri mzee wa jirani aseme ninyi ni nani. Mnakaa kikao, mnaandika muhtasari, mnapeleka Fundação Cultural Palmares, mnapewa cheti. Halafu shirika la ardhi, INCRA, linatuma watu kuandika ripoti: historia, makaburi, mashamba, visima, ramani. Hati ikitoka ni ya chama cha jamii nzima. Haiuzwi, haigawanywi, haiwekwi rehani. Chama kimoja cha siasa kiliipinga amri hiyo Mahakama Kuu ya nchi mwaka 2004, na ilidumu mpaka Februari 2018 ndipo wakashindwa.

Sasa nikwambie kwa nini sikubaliani na Mpima. Niliwahi kufuatana na mtaalamu aliyekuja kuandika historia ya kijiji nilichokuwa. Akamuuliza mama mmoja mzee mpaka uko wapi. Mama hakujibu. Tulimkuta kwenye banda la unga, wanakaanga unga wa mihogo kwenye sinia la chuma upana wa kitanda, moshi mpaka machozi. (Mihogo yenyewe ni mali ya huko, ilituvukia bahari ikaja kuwa ugali wetu.) Alimaliza kukoroga, akajifuta mikono, akatutoa nje. Akaanza: mwembe huu alipanda fulani, alizaliwa kabla utumwa haujafutwa. Kisima kile walificha watoto. Pale chini ya michikichi ya babaçu wanawake wanapasulia kokwa, shoka limekanyagwa kwa paja, makali juu, unaweka kokwa unapiga kwa gongo. Kila mti na jina la mtu. Tulitembea muda wa saa nne, na mtaalamu alipofika nyumbani na kuunganisha ile miti kwenye karatasi, ramani ikawa imeshajichora. Bila habari za hao watu, mti ungekuwa mti tu.

Kwa hiyo minyaa ya bibi yenu usiitenge na bibi. Anayeuliza nani aliipanda atajibiwa nini?

Ila nisikupambie. Sensa ya Brazil ya 2022 ndiyo ya kwanza kuwahesabu quilombola: watu 1,327,802. Wanaoishi kwenye maeneo yenye hati kamili walikuwa asilimia 4.3 tu. Miaka thelathini na nne tangu Katiba! Na kulekule Maranhão, Alcântara, miaka ya 1980 jeshi lilijenga kituo cha kurushia roketi, familia 312 zikahamishiwa vijiji vya kupangwa mbali na bahari. Wavuvi, fikiria, wanatembea kilomita kadhaa kufuata samaki waliokuwa mlangoni. Mwaka 2025 ndipo hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikatangazwa kwamba Brazil iliwakosea. Na wengine hukumu yao ni risasi: Mãe Bernadete, kiongozi wa Pitanga dos Palmares karibu na Salvador, aliuawa nyumbani kwake Agosti 2023, miaka sita baada ya mwanawe kuuawa.

Mpima_Mstaafu

Bruda, sina ugomvi na miti. Mimi nasema mbele ya kamati. Dakika wanazompa mtu ni chache, akianza na msafara wa watumwa atamaliza muda hajafika kwenye mkuyu.

MzeeWaNansio

Nimewasoma wote. Mimi ni wa kisiwani Ukerewe, huku mtu na nduguye wanafikishana barazani kwa sababu ya mgomba mmoja, kwa hiyo ardhi naijua harufu yake.

Binti yangu, usijilinganishe haraka na hao wa Brazil. Kule mtumwa na bwana walitofautiana rangi, na walipoachiwa walibaki pamoja, wakajijua. Kwetu mtumwa alimezwa. Aliolewa, akapewa jina la ukoo, wajukuu wakawa wa ukoo, na ikawa mwiko kusema. Ulikuwa wema, lakini kisu kilibaki kwenye ala: siku ya ugomvi wa shamba kinachomolewa. Ndicho alichokichomoa huyo mzee wenu.

Tena si mambo ya zamani sana. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Mjerumani aliishia kusema watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Bruda anasema Brazil 1888. Hesabu mwenyewe nani alichelewa. Baba yangu alizaliwa kabla ya hiyo 1922.

Nami nakwambia, pwani yote hii ya ziwa misafara ilipita. Kwenye huo mkutano wenu wa kitongoji, wazee wangapi wana bibi wa namna hiyo? Usiende kutangaza. Nenda kamuulize huyo mzee kwa upole, nyumbani kwake, umbebee sukari kilo moja. Muulize minyaa ilipandwa na nani. Usimuulize bibi yake alitoka wapi. Atajua unachouliza.

Chapchap_Buzuruga

Mzee umenimaliza. Nafuta ya bodaboda.

BintiMwaloni

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Dagaa walikuwa wengi halafu mvua ikaniloweshea magunia sita, tuyaache hayo.

Nilikwenda nyumbani na daftari la mikopo, kurasa za nyuma. Nikamchukua mama mkubwa, miaka sabini na kitu, tukatembea mpaka wote kama Bruda alivyosema. Nilidhani itachukua asubuhi, ikachukua siku mbili, maana kila baada ya hatua ishirini anasimama. Hapa palikuwa na kinu. Hapa mapacha wa fulani walizikwa, ndiyo maana hapalimwi, na mimi miaka yote nilidhani ni uvivu. Jaruba la kati lilichimbwa na majirani wa nzengo mwaka wa njaa, wakalipwa ugali. Niliandika yote, mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka. Kwenye suala la Operesheni alikuwa na jibu: hakuna aliyepewa eneo letu, sababu palionekana pana mawe mengi. Mawe yametuokoa.

Habari mbaya: karibu na mkuyu tulikuta vigingi vitatu vimepakwa rangi nyekundu. Baba mdogo anasema hajui nani kaviweka. Mtoto wake wa darasa la nne akasema "si yule wa soda". Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia nyumbani kwetu.

Jioni ya pili nikabeba sukari kilo moja kwa yule mzee. Mzee wa Nansio, nilifuata maneno yako kama dawa. Nimemkuta anashona wavu. Nikamwamkia, nikasema baba, nimekuja unisaidie, minyaa yetu inaishia wapi na aliipanda nani? Akaendelea kushona muda mrefu. Halafu akauliza sisi tumeandika inaishia wapi. Nikamwonyesha daftari: inaishia kwenye mchongoma. Akasonya. "Mama yako mkubwa alikuwa mtoto, hajui. Minyaa ilikwenda mpaka kwenye jiwe lenye ufa. Iliungua mwaka wa moto, upande ule haikupandwa tena. Bibi yenu alinichapa nilipochungia mbuzi pale, ningekosaje kujua?"

Akanyanyuka, akachukua fimbo, tukaenda gizagiza na tochi ya simu. Jiwe lipo. Ufa upo, na chini yake visiki vya minyaa vimekauka, ukivigusa vinavunjika kama mkaa. Ni kama hatua arobaini zaidi ya pale tulipoandika, na hizo arobaini zinaingia upande wake yeye, kwenye mihogo yake.

Sikusema kitu. Naye hakusema la kuokotwa. Alisema tu hiyo mihogo ataivuna kwanza.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili. Kaya tisa kati ya kumi na moja zimekubali hati ya pamoja, majina ya wanawake yakiwemo. Baba mdogo bado, na mwanawe mkubwa anamfuata. Muhtasari tumeuandika kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa kwanza mama mkubwa alitaka iandikwe kwamba minyaa ilipandwa na bibi yetu aliyeletwa na msafara akiwa mtoto, nikaiandika hivyohivyo. Mpima, samahani, ni mistari miwili tu, dakika zitatosha. Baba mdogo alitoka nje ilipofika hiyo mistari, akarudi wakati wa chai.

Uhakiki kwa upande wetu umepangwa Alhamisi ya wiki ijayo. Sehemu ya mashahidi wa mipaka, mzee wa mihogo ametuma mjukuu wake jana na karatasi ya daftari yenye majina yake matatu, anasema yaandikwe vizuri, na liwe la kwanza. Mpima, shahidi akiwa jirani anayepungukiwa na mpaka huohuo, kamati inamkubali au watasema ana maslahi?

Mpima_Mstaafu

Wanamkubali. Mpelekee sukari nyingine.